Kabla Hujaitoa Bure

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia programu ya kupanga picha imekamilika, ila hilo la kuitoa bure kwanza, watu waizoee, kisha uanze kuwatoza, limenikosesha raha. Kwenye Google Play, duka la programu la Google, programu ikishatolewa bure haigeuzwi kuwa ya kulipia. Itakubidi uisajili upya kama programu nyingine, na nyota zote ulizopewa na watumiaji zibaki kwenye ile ya zamani. Unaweza kuuza vitu ndani yake, sawa, lakini mlango wa mbele utakuwa umeshaufunga.

Halafu hiyo dola moja unayoitaja. Unaiogopa bei, naona. Tuhesabu, maana kazi yangu ni hesabu. Apple huwakata wauzaji wadogo waliojiunga na mpango wake asilimia 15, mradi mapato hayajavuka dola milioni 1 kwa mwaka. Kwenye dola moja unabaki na senti 85. Apple inadai dola 99 kila mwaka ili uwe msanidi wao (Google ni dola 25, mara moja tu). Basi utahitaji wanunuzi 117 kuilipa ada hiyo pekee, kabla hujajilipa hata senti. Kwa dola 10, wanatosha 12. Na hao 117 wote watakuandikia picha zao zikipotea, tena aliyelipa kidogo si lazima awe mpole.

Suala la kulipa mara moja au kila mwezi, wewe umeliweka kama suala la mitindo. Mimi naliona ni suala la gharama. Programu yako inafanya kazi ndani ya simu ya mteja. Akishainunua, haikugharimu chochote yeye kuifungua kesho. Hiyo iuze mara moja. Lakini ile huduma ya kuhifadhi nakala za picha kwenye seva, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, unailipia wewe kila mwezi, awe anaitumia au amelala. Hapo mteja naye alipe kila mwezi, tena umweleze waziwazi sababu. Adobe, watengenezaji wa Photoshop, walipohamia malipo ya kila mwezi mwaka 2013 wateja walilalamika sana, na kampuni ikasonga mbele. Wewe huna kifua hicho.

Lipo tatizo moja la kuuza mara moja ambalo sitakuficha: App Store, duka la Apple, haina utaratibu wa kumtoza mteja wa zamani nusu bei kwa toleo jipya. Wengi huishia kutoa programu mpya kabisa, au kuuza nyongeza ndani ya ile ile. Amua sasa utafuata njia ipi.

Kuuza kwenye tovuti yako mwenyewe kunavutia, lakini kodi inakufuata. Tangu 2015, Umoja wa Ulaya hudai VAT ya nchi anakoishi mnunuzi. Zipo kampuni zinazosimama kama muuzaji rasmi, zikakusanya na kulipa kodi hizo kwa niaba yako. Kamisheni yao naiona ni halali kabisa, na mimi si mtu wa kusifu makato.

Nitumie gharama za seva za mwezi mmoja, pamoja na ukubwa wa picha ambazo mteja wa kawaida anahifadhi. Usichapishe chochote kabla sijakujibu.

Mama