Vidole vya mama yako

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku, nikausoma mara mbili, kisha nikazima simu bila kujibu. Usiniwazie vibaya. Umeniomba kitu kidogo tu, picha nzuri ya mama yako, maana mjukuu wangu amekuuliza bibi yake alikuwaje. Napiga picha tangu mwaka 1986, nusu ya mji huu imekaa mbele ya kamera yangu. Nikabaki nimekaa kitandani najiuliza picha hiyo iko wapi.

Ziko tatu. Ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho kila mtu anafanana na mtuhumiwa. Ya bandarini mbele ya meli ya Liemba, jua limempiga mgongoni, uso umekuwa giza tupu. Hilo ni kosa la mtu aliyeanza kushika kamera jana, na aliyeishika ni mimi. Na ile ya harusi, ambayo siku hizi ni nyekundu yote kama imechovywa kwenye mawese. Picha za rangi za zamani ndivyo zilivyo, rangi zake huchuja, na mara nyingi bluu hutangulia, nyekundu inabaki peke yake inatamba. Wakati huohuo ya babu yako pale stesheni, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kabla sijazaliwa, ni safi hadi leo, kwa sababu ile imeshikwa na chembe za fedha, fedha ya kweli. Rangi zilipoingia tuliwacheka wazee na picha zao. Basi.

Mganga hajigangi, najua utasema.

Asubuhi nikashusha ile mikebe ya biskuti iliyokuwa juu ya kabati, uliyokuwa ukikatazwa kuigusa. Mmoja nilipoufungua ukanuka siki. Hapo ni filamu yenyewe inaoza, na ukiiacha karibu na nyingine nazo zinaharibika, kwa hiyo nikautenga barazani kama mgonjwa wa surua. Mingine imesalimika. Negativu zote, zile filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, zimo, kila filamu kwenye bahasha yake na mwezi nimeandika juu.

Unakumbuka nilivyokusimulia habari za Liemba? Wajerumani mwaka 1916 waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 bado ilikuwa meli, na mpaka tumezaliwa tumeikuta inakwenda. Wateja nilikuwa nawaambia negativu ndiyo grisi, karatasi iliwe na mchwa, ilowe, ichanwe na mume aliyekasirika, picha bado ipo. Maneno ya biashara hayo. Nilizitunza ili mtu akirudi kutaka kopi nimtoze tena.

Kijana wa jirani akanionyesha ujanja. Simu moja unaiwasha mwanga mweupe, unalaza negativu juu yake, simu ya pili inapiga, halafu programu inageuza rangi. Tukaanza. Wanafunzi wa darasa la saba, wavuvi wa Kibirizi, mabibi harusi wa Ujiji, mzee mmoja aliyekataa kuvua kofia. Mpaka mchana sikuwa nimeona kitu. Kijana ndiye aliyeuliza, "Baba, hivi vidole ni vya nani?"

Kazi ya pasipoti hukuikuta vizuri. Tulikuwa tunazunguka, leo Kasulu, kesho Manyovu, wiki nyingine tuko ufukweni na wavuvi. Mteja anakaa kwenye stuli, mimi na kamera mbele yake, na nyuma yake mama yako amesimama ameinua kitambaa cha bluu kwa mikono miwili, yeye mwenyewe haonekani. Filamu za rangi nilizipakia treni kwenda kusafishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, na picha zikirudi nazipitisha mkasi, kichwa na mabega. Vipande vinavyobaki vinawashia moto wa chai. Nimewashia moto vidole vya mama yako miaka yote ile, na sikuwahi kuvitazama.

Kwenye negativu mkasi haukupita. Juu ya kitambaa, kushoto na kulia, vidole vinne vinne.

Nimekaa navyo siku mbili. Kidole cha shahada cha kushoto kina kovu, mafuta yalimrukia akikaanga migebuka, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Penye hina nyekundu najua Idi imepita juzijuzi tu, na hina ikiwa imebaki kwenye ncha za kucha naweza kukukisia mwezi bila kusoma bahasha. Pete ipo, halafu haipo, halafu ipo tena. (Tuliiweka rehani. Hadithi hiyo nitakupa ukija.) Kuna filamu nzima, picha 36, ambamo mkono wa kulia uko chini na kitambaa kimekaa upande. Hiyo naikumbuka, nilimfokea mbele ya watu, "Inua bwana, inua!" Nikatazama bahasha: Machi 1993. Wewe umezaliwa Juni.

Hakunijibu siku ile. Aliinua.

Mpaka jana jioni nimehesabu fremu 614, na kwenye zote uso wake haumo hata mara moja. Isipokuwa moja, kama utakubali kuiita uso. Ni Kibirizi, upepo wa ziwa umevuma ghafla ukakibandika kitambaa mwilini mwake, na juu ya bega la mteja linaonekana paji, pua, na mdomo uko wazi, vyote vimechorwa kwenye ile bluu. Niliiona imeharibika nikampiga mteja nyingine. Kijana anasema bibi anacheka. Mimi nilimjua, alikuwa ananiambia niharakishe, dagaa wanaanikwa na wingu linakuja.

Basi nimeshika mkasi tena, safari hii kinyume. Sura za wateja nimezitoa, si zangu kuzigawa, nimebakiza mikono. Nimekuchapishia 20 na ile ya upepo. Nyuma nimeandika kwa penseli mwezi na mahali. Nawe ukiandika nyuma ya picha tumia penseli, wino hupenya. Usizitie kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi, gundi inakula picha. Na simu yako ilipoibwa Kariakoo iliondoka na mwaka mzima wa mtoto, kwa hiyo chapisha hata kumi tu kwa mwaka, tafadhali. Tena hizo unazonitumia, wewe humo. Namwona mtoto, naona sufuria, naona kivuli chako sakafuni. Mpe mume wako simu, na akikata kichwa mwache akate.

Bahasha inakuja na basi la kesho. Dagaa wako kwenye ndoo na mawese kwenye dumu, nimevifunga mbali na picha, maana mafuta na picha ni paka na panya. Mpokee mizigo mapema.

Mtoto akiishika ile ya upepo atasema haoni kitu, hata mimi mara ya kwanza niliona nguo tu. Mpeleke dirishani asubuhi, aishike kwa mbali kidogo, aanzie kwenye pua.

Baba yako