Kabla hujanunua sabufa kubwa zaidi, sogeza kiti

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, mana kuna msomaji kaandika kwamba nyimbo za studio zetu za Unguja besi lake linavuruga kwa sababu vijana wanatumia vifaa rahisi, na mie hapo nimeshindwa kunyamaza. Vifaa rahisi vipo, sikatai. Lakini kazi yangu ni kuzunguka studio za watu kufunga spika, na nnachokikuta kila siku ni mtu ana sabufa nzuri tu, ile spika ya besi la chini, ila kaisukumia chini ya meza au kwenye pembe kwa vile ndo palipobaki nafasi, afu akiona besi halikai anaanza kuulizia ya inchi 15 ilokuja na kontena.

Chukua chumba cha Mji Mkongwe. Wenyewe mnavijua, vyembamba na virefu, mana wazee walojenga walitegemea boriti za mikandaa na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwaiyo upana ukaishia hapo na urefu ukaenda wanavotaka wenyewe. Tuseme mita 3 kwa 6. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde (kwa joto letu inazidi kidogo), ukigawa kwa upana mara mbili unapata Hz 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, hiyo ndo noti ambayo kuta mbili za ubavuni zinarushiana. Ule urefu wa mita 6 nao noti yake ya kwanza ni Hz 28 na nusu, na ya pili, yakhe, ni 57 ile ile! Upana na urefu washakubaliana noti moja, na kuta zenyewe za mawe na chokaa, nene, besi halina pa kutokea, linarudi ndani karibu lote. Na kuvunja ukuta usahau, mji huu upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000.

Sasa prodyuza kaegesha meza kwenye ukuta mfupi, kakaa katikati ya upana kama inavotakiwa, kichwa chake kipo mita 1 na nusu kutoka ukuta wa mbele. Hapo ni nusu ya upana na robo ya urefu, na sehemu zote mbili hizo ndo Hz 57 inapokufa. Waya wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni Hz 55, na lile besi kubwa la kusimama la taarab ni hivo hivo, kwaiyo noti ya kila siku ndo hiyo asoisikia. Anaongeza. Hasikii. Anaongeza tena, huku mwenzake alokaa mkekani mwisho wa chumba kaegemea ukuta anamwambia punguza bwana, gilasi ya chai inatetemeka kwenye sinia. Wimbo unatoka, unapigwa kwenye daladala ya Bububu, spika zinakoroma, na msomaji wetu anakaa anaandika barua kwamba vifaa rahisi.

Na shimo kama hilo ekwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyengine, haizibi, unapandisha pale ampu inachemka bure na kitini bado husikii kitu. Kinachotakiwa kusogea kwanza ni kiti. Wengi tunaanzia asilimia 38 ya urefu kutoka ukuta wa mbele, kwenye mita 6 ni kama mita 2.3, meza na monita, zile spika za kusikilizia kazi, zinakuja na wewe.

Kiti kikishatulia ndo uitafutie sabufa pahala. Ibebe uiweke juu ya kiti chako, pale pale kichwa kinapokuwaga, piga mstari wa besi wenye noti nyingi unaozunguka, afu wewe shuka chini utambae pembeni mwa kuta, masikio yawe usawa wa sakafu (kanzu vua kwanza, nakuona). Kuna pahala noti moja itakurukia, pahala pengine itapotea, na kuna pahala zote zinakuja sawa sawa, tia alama ya chaki, sabufa ikae hapo. Inafanya kazi kwa vile njia ya sauti kutoka pale mpaka kitini ni ile ile ukiigeuza. Pembe ya chumba mara nyingi itakudanganya, inapandisha besi lote likawa kubwa na mtu anaona ah, hapa ndo penyewe, kumbe noti mbili tatu ndo zinapiga kelele na nyengine hazipo.

Krosova, ule mpaka ambapo chini yake inapiga sabufa na juu yake zinapiga monita, ianze Hz 80, na waya za monita zipitie kwenye sabufa kama ina tundu za kutolea, ili monita zikatwe besi la chini, la sivo vyote viwili vinapiga kitu kimoja wanagombana. Kile kiswichi cha nyuma cha fezi, 0 na 180, kinachogeuza wimbi la sabufa liende pamoja na la monita au kinyume, watu wengi hawajawahi kukigusa toka sabufa itoke kwenye boksi! Piga toni ya Hz 80, wewe kaa kitini, mtu akigeuze, palipo na sauti kubwa ndo pakae. Volumu pandisha mpaka uanze kuijua kwamba sabufa ipo, afu rudisha nyuma kidogo. Usipimie kwa simu, maiki zake nyingi besi la chini halizifiki vizuri. Mwenye maiki ya kupimia na kompyuta, programu ya REW ya kupimia sauti ya chumba ni ya bure.

Trei za mayai watu wanazobandika ukutani eti zitulize sauti, jamani tuache. Wimbi la Hz 57 lina mita 6, trei ya mayai italifanya nini? Na aloko ghorofani aweke mpira mzito chini ya sabufa, sakafu za boriti zinapokea mtikisiko na jirani wa chini ana watoto wanataka kulala.

Nyumba za matofali na mabati huko Ng'ambo zina mambo yake, besi linatoka nje zaidi na mabati yanaimba, ila kiti na kutambaa ni kule kule.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa: mteja akija kutaka sabufa muulizeni chumba chake kina mita ngapi kabla hamjamuuliza ana bajeti gani. Nshafika studio moja nikakuta duka limewauzia ya inchi 15 kwa chumba cha mita 2 na nusu, mlango haufunguki wote mana sabufa ipo nyuma yake.

Fundi mitambo,
Michenzani, Unguja