Picha ya koili zilizolala haikuendana na maneno

Mhariri,

Makala yenu kuhusu metamateria, yaani vitu vilivyoundwa kwa vipande vidogo vilivyopangwa ili kuyaongoza mawimbi kwa namna isiyo ya kawaida, niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi. Mwandishi anasema koili (waya uliozungushwa) zikipangwa safu, kila moja na kapasita yake, kifaa cha kuhifadhi chaji, wimbi hupita kutoka moja hadi nyingine bila waya wowote kuziunganisha, “likisonga mbele kama maji bombani”. Lakini mchoro ulio juu ya maneno hayo unaonyesha koili zimelazwa mezani kama sahani. Hapo ndipo nilipokwama.

Mimi ni fundi wa redio mstaafu, na kuzungusha koili ni kazi ninayoweza kuifanya nikisinzia. Nikatengeneza 12, kila moja mizunguko 10 juu ya kipande cha bomba cha kipenyo cha sentimita 5, na kapasita ya pikofaradi 470. Kila moja peke yake iliitikia kwa nguvu zaidi kwenye masafa ya megahezi 2.7 hivi. Nikazisimamisha mstari mmoja, uso kwa uso, sentimita 4 kutoka moja hadi ya pili, nikailisha ya kwanza mawimbi ya redio.

Jambo la kwanza ambalo bomba la maji halina: njia hii inachagua masafa. Kwenye megahezi 2, koili ya tatu ilikuwa karibu imekufa. Nilipofika kama 2.5 safu nzima ikaamka, na nilipopita 3 ikalala tena. Ukizisogeza koili zikaribiane, mlango huo, yaani masafa yanayoruhusiwa kupita, unapanuka, ukizitenga, unabana.

Mwanzoni vipimo vilinichanganya, koili moja kali, jirani yake dhaifu, bila mpango. Ilikuwa mwangwi: wimbi lilifika mwisho wa safu, likagonga, likarudi. Nikaunga rezista ya omu 12 kwenye koili ya mwisho na vurugu ikatulia. (Omu 12 sikuibahatisha. Katikati ya mlango, ni induktansi ya pamoja kati ya jirani wawili, yaani kiasi ambacho sumaku ya mmoja inamshika mwenzake, mara kasi ya mzunguko, yaani masafa mara 2π.) Koili ya mwisho ilibaki na karibu nusu ya nguvu ya mkondo wa kwanza, nyingine imeliwa na shaba njiani.

Sasa osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi kwenye kioo. Koili zikiwa uso kwa uso, katikati ya mlango kila moja ilichelewa robo mzunguko nyuma ya iliyotangulia. Yaani wimbi zima linaenea koili nne, sentimita 16, ilhali hewani wimbi la masafa hayohayo lina urefu wa zaidi ya mita 110! Hilo makala haikuligusa kabisa, nami naona ndilo tamu kuliko yote.

Kisha nikazilaza kama mchoro wenu, nikabadilisha rezista kwa sababu jirani sasa wanashikana kwa ulegevu zaidi. Mlango ukawa mwembamba. Na kila koili ikaonekana kumtangulia aliye karibu na chanzo. Nikadhani nimebadilisha nyaya za osiloskopu. Nikakagua, nikakuta ziko sawa. Sababu ni sumaku yenyewe: mistari inayotoka juu ya koili moja hupinda na kumwingia jirani aliyelala kando kwa kushuka, kinyume, kwa hiyo induktansi ya pamoja inakuwa hasi. Nishati inakwenda mbele kwenye rezista, hilo halibadiliki, lakini vilele vya wimbi vinatembea kurudi kwenye chanzo. Watafiti Shamonina, Solymar na wenzao waliyaeleza mawimbi haya mwaka 2002, ya mbele na ya nyuma, kulingana na koili zilivyopangwa.

Kwa hiyo maneno ya mwandishi ni ya koili zilizosimama, na picha ni ya zilizolala. Mkiirudia makala, zisimamisheni hizo sahani, au acheni picha ilivyo na mgeuze mshale wa vilele uelekee kushoto, kwenye chanzo.

Fundi wa redio mstaafu