Moriyasu hakuokota dodo chini ya mwarobaini

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa ukurasa wa michezo aliandika wiki iliyopita kwamba Hajime Moriyasu, kocha wa timu ya taifa ya Japani, ameokota dodo chini ya mwarobaini. Kwa maelezo yake, mtu huyu amekabidhiwa wachezaji waliokwisha kuivia Ulaya, na kazi iliyobaki ni kuandika majina kumi na moja kwenye karatasi. Niliisoma makala ile kijiweni, nikairudia nyumbani, na usiku sikuwa na raha.

Nafundisha vijana hapa Morogoro, na enzi zangu nilicheza namba sita, yaani kiungo mkabaji. Nakiri mapema, basi, kwamba watu wa namba hiyo nawapendelea. Lakini katika makala nzima klabu ya Sanfrecce Hiroshima, aliyoichezea kisha akaifundisha, imetajwa mara moja tu, tena kwa kupitia. Kumwelezea Moriyasu bila Hiroshima ni kueleza ugali ukaacha unga.

Mimi nilimfahamu kwa uchungu. Jumapili ya tarehe 13 Desemba 2015 tulijazana kwenye kibanda umiza kuitazama TP Mazembe ya Kongo kule Osaka, kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Tulikwenda kwa ajili ya Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu, vijana wetu, waliotoka kuchukua ubingwa wa Afrika mwezi mmoja tu nyuma. Wapinzani, Sanfrecce Hiroshima wa Japani, hakuna aliyewajua. Mwaka 2010 Mazembe walifika fainali ya mashindano yale yale, kwa hiyo sisi tulikuwa tunahesabu tutakutana na nani nusu fainali. Tukapigwa tatu bila. Wafungaji: Shiotani, Chiba, Asano. Siku ile hatukumwona Kidiaba, kipa wa Mazembe, akishangilia kwa kurukaruka kwa makalio. Pembeni ya uwanja alisimama kocha wao Moriyasu, mzee wa makamo mwenye suti na kijidaftari, akiandika kila baada ya dakika chache kama karani wa ushirika siku ya kupima pamba. Jamaa mmoja nyuma yangu akauliza, "Huyu naye anaandika nini?" Tulicheka. Baadaye ndiyo nikaanza kumfuatilia.

Moriyasu amekulia Nagasaki. Mwaka 1987 alijiunga na timu ya kampuni ya magari ya Mazda, huko Hiroshima, wakati Japani haijawa na ligi ya kulipwa. Ligi ile ilianza 1993, na timu ya Mazda ndiyo ikageuka Sanfrecce. Hakuwa na mbio, hakuwa na kanzu wala tobo za kupigiwa makofi. Alikuwa kiungo mkabaji: anaufuata mpira ulikopotea, anaurudisha, anampa mwenzake mwenye kipaji. Mholanzi Hans Ooft, aliyewahi kumfundisha Mazda, ndiye aliyemwita timu ya taifa mwaka 1992, na inasimuliwa kwamba wapo waliokosea hata kulisoma jina lake, wakalikata mahali pasipo pake, jinsi alivyokuwa hajulikani. Aliichezea Japani mechi 35 na kufunga bao moja. Namba sita wenzangu watanielewa nikisema hiyo ni rekodi nzuri.

Oktoba 1993 alikuwa uwanjani Doha, Japani ikiongoza 2-1 dhidi ya Iraki na tiketi ya Kombe la Dunia iko mkononi. Dakika za nyongeza, kona fupi, krosi, kichwa, 2-2. Wajapani wakabaki wamekaa kwenye nyasi. Hilo mchambuzi wenu amelieleza vizuri, simwongezei neno.

Alichokiruka ni kinachofuata, na kwangu ndicho kiini. Moriyasu alistaafu mwishoni mwa 2003 akiwa klabu ya Vegalta Sendai. Hakupewa timu kwa sababu ya jina. Alishika koni na filimbi, akasaidia kufundisha vijana, akawa msaidizi Hiroshima, akaenda kuwa msaidizi klabu ya Albirex Niigata. Miaka minane ya kukaa pembeni ya mtu mwingine! Ukuu wa benchi aliupata 2012, Hiroshima walipoachana na kocha wao Mihailo Petrović, na hata hapo hakuja na mbwembwe za kubomoa alichokikuta. Mfumo wa mabeki watatu aliouacha Petrović akaubakiza, akakaza nati za ulinzi tu. Msimu ule ule Sanfrecce wakawa mabingwa wa Japani kwa mara ya kwanza katika historia yao, Hisato Sato akifunga mabao 22.

Mwaka 2013 wakautetea. Siku ya mwisho ya ligi hatima haikuwa mikononi mwao, lakini Yokohama F. Marinos wakafungwa na Kawasaki, wao wakaenda kushinda 2-0 ugenini kwa Kashima, ubingwa ukapatikana kwa tofauti ya pointi moja. Katika mechi 34 waliruhusu mabao 29. Ningekuwa na uwezo ningeibandika namba hiyo kwenye ukuta wa kila chumba cha kubadilishia nguo mkoani kwetu.

Na wakati wote huo alikuwa anaibiwa. Urawa Reds, klabu yenye pesa kuliko wao, ilimchukua beki Moriwaki baada ya ubingwa wa kwanza na kipa Nishikawa baada ya wa pili, kisha mwaka 2015 ikamchukua Ishihara, aliyefunga mabao yote mawili ya siku ile ya Kashima. Kocha mwingine angeita waandishi wa habari akalalamika hadi asubuhi. Yeye akamwazima Mbrazili Douglas, akampandisha kijana Takuma Asano akitokea benchi, na mwaka huo huo wa 2015 akautwaa ubingwa wa tatu kwa kuifunga Gamba Osaka. Siku chache baadaye ndipo wakatukuta sisi na Mazembe yetu. Wakafungwa na River Plate bao moja tu, wakawafunga Guangzhou Evergrande, wakamaliza wa tatu duniani.

Najua mchambuzi wenu atanirushia mwaka 2017, na ana haki. Msimu ule ulikwenda mrama. Mechi 17, nafasi ya 17 kati ya timu 18, na Julai Moriyasu akaachia ngazi. Lakini aliondoka akiwa amekaa miaka mitano na nusu na makombe matatu ya ligi kabatini. Hapa kwetu nilikuwa msaidizi kwenye klabu moja, sitaitaja, iliyobadilisha makocha wakuu wanne katika msimu mmoja. Wa tatu hakuwahi kujua majina ya mabeki wake wa akiba. Tulishuka daraja, na katibu akasema redioni kwamba wachezaji hawakujituma.

Sasa turudi kwenye hilo dodo. Novemba 2022, Qatar, Ujerumani wanaongoza 1-0 na wanaichezea Japani kama paka na panya. Mapumziko Moriyasu akamtoa Kubo, mshambuliaji, akamwingiza Tomiyasu, beki. Pale nilipokuwa natazama watu walimwita mwoga. Kumbe alikuwa amerudi kwenye mabeki watatu, mfumo aliokula nao ubingwa Hiroshima. Wachezaji wa pembeni wakapata ruhusa ya kupanda, Doan akatoka benchi akasawazisha, na dakika ya 83 mwingine kutoka benchi akampita beki Schlotterbeck na kumfunga kipa Neuer karibu na mlingoti. Huyo mwingine alikuwa Asano. Yule yule wa Osaka, aliyetufunga la tatu.

Hispania nao wakafungwa 2-1, kisha Kroatia wakawatoa Wajapani kwa penalti, na Moriyasu akasogea mbele ya mashabiki akainama muda mrefu. Sitadai kwamba hana kasoro. Kombe la Asia lililochezwa mwanzoni mwa 2024 Iran waliwatoa robo fainali na mabadiliko yake siku ile hata mimi sikuyaelewa. Ila mtu aliyebahatika hawezi kukuonyesha ile bahati aliitengenezea wapi na mwaka gani. Huyu anaweza.

Ombi langu ni dogo, Mhariri. Mkimwandika tena, tafuteni picha yake ya Hiroshima akiwa na kile kijidaftari, muiweke badala ya hii ya kila siku ya kuinama. Nina namba sita wa miaka kumi na tano hapa, hana mbio, hana chenga, na wiki iliyopita baba yake alikuja kuniomba nimhamishie winga ili aonekane. Nataka nimpe ukurasa huo akambandikie chumbani.

Kocha wa vijana,
Morogoro