Barua ya wazi kwa Mheshimiwa unaeshughulikia majengo ya Mji Mkongwe: ile roshani ya Malindi itauwa mtu

Mheshimiwa, asalaam alaykum, na Idd mubarak japo imeshapita.

Mimi ni mwalimu wa Wete, likizo huwa nawaleta wanangu Unguja kwa wifi yangu anaekaa Malindi, na tukikaribia kurudi Pemba lazima tuuzunguke mji tena kuuaga. Jana tumeanza Ngome Kongwe, tukaenda Mkunazini wakapaona palipokuwa soko la watumwa lilofungwa 1873, mdogo akaniuliza maswali mpaka nikaishiwa majibu, tukarudi kwa njia ya Mizingani.

Tunaingia kichochoroni nyumbani, pande la ukuta likaporomoka kutoka chini ya roshani ya juu likaanguka mbele ya binti yangu, hatua mbili tatu tu. Ushungi wote ulijaa vumbi la chokaa, ndala imekatika alivyoruka, mtoto anatetemeka hata sauti haitoki. Nililiinua lile jiwe, ni tumbawe la kushika kwa mikono miwili, na kipande cha boriti kilichotoka nalo ukikiminya kwa vidole kinakuwa unga. Mheshimiwa, lingempiga kichwani leo nisingekuwa naandika barua.

Na nyumba hiyo mnaijua! Majirani walishaleta malalamiko, akaja afisa akapiga picha, akasema masika yakimalizika mafundi watakuja. Masika yakamalizika, yakaja mengine. Hata kamba ya kuzuia watu wasipite hakuna, na watoto wa chuoni wanapita hapo chini na misahafu yao asubuhi na jioni.

Sababu kila mtu ana yake. Wazee wa mtaa wanasema ni saruji, watu wanaipiga juu ya kuta za mawe na chokaa, unyevu unakosa pa kutokea unakula boriti, wengine wanasema matangi ya maji yaliyopandishwa juu ya mapaa. Mimi naona kubwa ni kwamba nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, alopanga anasema si yangu, na mwenye mali ndo nyinyi, sasa nani atengeneze?

Beit el-Ajaib ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, jengo la Sayyid Barghash la 1883, na bado tarehe 25 Disemba 2020 likaporomoka huku ukarabati unaendelea, watu wawili wakafa. Siku ile tuliambiwa yasirudi tena. Kama lile la barabarani limeanguka, hii ya kichochoroni ambayo mtalii haipigi picha ataiona nani? UNESCO waliuweka mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, sawa, tunajivunia, lakini ndani ya huo urithi wanalala watu na watoto wao.

Sikuombi utengeneze mji mzima, najua pesa hazitoshi. Naomba roshani ile iegemezwe kwa nguzo, kichochoro kifungwe, na wanaokaa humo wapatiwe pa kujisitiri mpaka kazi iishe. Nguzo tu kwanza, Mheshimiwa, hata kesho zinapatikana. Mimi nna boti ya asubuhi, wifi yangu na watoto wake wanabaki chini ya roshani ileile. Tuma mafundi wiki hii, usitume tena mtu wa kupiga picha.