Barua ya Wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Tufungulie Anga ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Magongo, ambako ndege hupita juu ya mabati yetu.

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, hapa Mombasa, si wa jana. Ulianza kwa jina la Port Reitz, ukajengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1979 ukapanuliwa uwe wa kimataifa. Njia yake kuu ya kurukia ina mita 3,350. Imelazwa baina ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, ndege zipate kuukabili upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi. Ndege kubwa za Ulaya zimekuwa zikitua hapo miaka mingi.

Mbona basi majirani zangu wanaokwenda Umra huanza kwa kupanda basi usiku kucha hadi Nairobi, ilhali uwanja uko mwendo wa bodaboda tu kutoka mlangoni kwao?

Najua ndege ya kigeni haitui popote ipendapo. Serikali mbili huandikiana mkataba: mashirika gani, miji gani, safari ngapi kwa wiki. Kufuli liko hapo, Mheshimiwa, na ufunguo uko wizarani kwako. Wenye mahoteli wa Pwani wameomba kufuli hilo lifunguliwe miaka nenda miaka rudi. Wanaotaka shirika letu la ndege la taifa, Kenya Airways, lilindwe nawaelewa, maana nami nataka lisimame imara. Lakini ulinzi wa kumzuia mgeni asitue Mombasa, gharama yake huilipa mpishi wa Diani, dereva wa teksi na mchonga vinyago wa hapa Changamwe. Ndege za kukodiwa na kampuni za utalii hufuata msimu. Masika yakiingia hupungua, na wahudumu wa hoteli hurudishwa nyumbani bila mshahara. Ndege za ratiba huja mwaka mzima, mvua au jua, na huchukua abiria wa huku pia, si watalii peke yao.

Tunaomba wizara itangaze hadharani mikataba yote ya safari za anga: ipi inaitaja Mombasa, ipi imeiacha. Ile iliyoiacha ifunguliwe mazungumzo upya, na Wapwani tuitwe kutoa maoni, hapa hapa Mombasa. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya masika.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Magongo, Changamwe