Barua ya wazi kwa Yaya: kabini ya Katuba si kazi ya waziri

Yaya, jambo.

Nimesoma barua mnayotaka kutuma Kinshasa kwa waziri wa Rasilimali za Maji na Umeme, ili awaletee kabini mpya, yaani kibanda cha transfoma inayogawa umeme mtaani, baada ya ile ya Katuba, Lubumbashi, kuungua. Hasira yenu ni ya haki: kifungu cha 48 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinahakikisha haki ya kupata umeme. Lakini huo si mlango wake. Barua italala huko, nanyi mtaendelea kupikia mbabula, jiko la makaa.

Wizara haitengenezi kabini. Inapanga sera ya nchi nzima, inaandaa sheria, inatoa ruhusa za mitambo mikubwa. Mambo kama laini kubwa ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, yanaamuliwa kule. Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, haiko peke yake tena: kampuni binafsi nazo zinaruhusiwa kuzalisha na kuuza umeme. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa ARE, mamlaka inayosimamia bei na kusuluhisha mteja na kampuni, na ANSER, wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Bei ya mafuta ya jenereta mliyoichomeka mwishoni iondoeni. Hiyo ni ya Wizara ya Uchumi.

Sasa kabini yenyewe. Transfoma yenye uwezo wa kVA 250, kwenye volti 400, inabeba ampea kama 360 kwa kila fazi, yaani kila mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme mtaani. Resho moja (jiko la umeme) ya wati 1,500 inakula karibu ampea 7. Nyumba 50 za fazi moja zikiwasha resho pamoja saa moja jioni, fazi hiyo imekaribia kujaa kabla hujahesabu friji wala pasi. Fyuzi inakatika, na ndiyo kazi yake. Kisha kijana wa avenyi, wa mtaa wenu, anaweka waya wa shaba mahali pa fyuzi. Waya ule haukatiki, kwa hiyo joto lote linabaki ndani ya transfoma: mafuta ya kuipoza yanaharibika, karatasi inayotenga nyaya inaungua, nyaya zinagusana, na hapo imekufa. Mkiletewa mpya bila kugawa nyumba upya kwenye fazi tatu, nayo itaungua vilevile.

Kwa hiyo barua ya kwanza iende SNEL, kwenye ofisi ya eneo lenu. Andikeni namba ya kabini, tarehe na saa umeme ulipokatika, nyumba zilizoathirika, na namba za mita au za fakitire (bili ya umeme). Ombeni mafundi wao wapime ampea za fazi zote tatu jioni, si saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Msiondoke pale bila muhuri wa mapokezi kwenye nakala yenu, kwani ndiyo nakala mtakayopeleka ARE mkikosa jibu. Na tafadhali, Yaya, avenyi isichange hata franka moja ya transfoma kabla ya kusaini karatasi inayosema itakuwa mali ya nani na pesa zitarudishwaje.

Waziri naye andikieni, ila kwa lililo lake. Mitambo ya umeme wa maji ya Mwadingusha inazalisha tangu 1930, ya Nseke tangu 1956, yote miwili huku kwetu kusini. Mwulizeni umeme huo unagawanywaje kati ya migodi na mitaa ya Lubumbashi, na kwa mpango gani ulioandikwa. Swali hilo hakuna fundi wa Katuba anayeweza kulijibu.